Mkalimani wa Zamu ya Usiku

Nilipohamishiwa gereza moja la ukanda wa Mbulu na Hanang, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kote huko kulikuwa bado Mkoa wa Arusha; Manyara ilikuja 2002. Mimi Mpare, mwenzangu wa zamu Mhaya, na wafungwa wengi Wairaqw na Wabarbaig. Mbarbaig akiugua usiku, tulimwita mfungwa mwenzake anayejua Kiswahili atutafsirie, naye alitafsiri alichopenda. Mfungwa wa namna hiyo alikuwa na nguvu kuliko koplo.

Wilaya hizi zina Kiiraqw cha Wakushi, Kidatoga cha Waniloti wakiwemo Wabarbaig, Kinyiramba cha Wabantu, na Kihadzabe cha Yaeda Chini kisicho na ndugu. Jeshi la Magereza haliajiri kwa kabila. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi huo, na sensa iliacha kuuliza kabila baada ya 1967. Utaratibu huo umetuepusha na mengi. Ila ulitufanya tusione nani hayupo lindoni.

Kisha akaletwa askari kijana Mbarbaig, ana chale kuzunguka macho. Mahabusu waliokuwa kimya wakaanza kusema: maumivu, tarehe ya kesi, ng'ombe walioachwa bila mchungaji. Na mzigo wote ukamwangukia. Aliamshwa kota saa nane za usiku kutafsiri, kisha asubuhi akaingia zamu yake kama kawaida. Akiongea Kidatoga, wenzetu walidhani anapitisha ujumbe; nyumbani kwao aliitwa mfungaji wa wazee. Alikuwa karibu kuacha kazi. Mkuu mpya wa gereza, mama asiye na maneno mengi, akaingiza ukalimani kwenye orodha ya zamu, aliyetafsiri usiku apumzike asubuhi. Kijana akabaki, akapandishwa cheo.

Zamani kikwazo cha kuajiriwa kilikuwa shule. Sasa watoto wa wafugaji wa Bassotu wana vyeti vya kidato cha nne, lakini maombi hutumwa mtandaoni, na matangazo ya ajira za majeshi hukataa waliochorwa mwili. Chale za mila nazo zimo? Tangazo liseme wazi. Mhadzabe sikuwahi kufanya naye kazi hata mmoja.

Ninawaomba wakubwa wa Magereza: pelekeni matangazo minadani Katesh na Haydom, yasomwe kwa lugha za huko. Na kuruta wa jamii hizo akitoka depo, asipangwe kituoni peke yake.