Magurudumu ya watoto wetu yanatafuta mahali pa kupita



Juma hili tunawaalika tutembee pamoja katika mji wetu wa Kolwezi, lakini tukitazama chini, namna mtoto mwenye kigari cha mbao anavyotazama. Mtoto huyo anatafuta kitu kimoja tu: mahali palipo sawa, pagumu, pasipo na vumbi, na ambapo lori halipiti. Tukimfuata tutauona mji wetu upya.

Vigari hivyo mnavijua. Ubao wa sanduku la zamani, mbao mbili za kushikia magurudumu, kamba ya kuongozea mbele. Magurudumu yenyewe ni vile vyuma vya mviringo vyenye gololi ndani ambavyo mafundi wa magari huvitupa vikichakaa. Mmoja anakaa, mwingine anasukuma, halafu wanapokezana. Sisi walimu tunapowauliza kwa nini gurudumu lenye gololi linateleza kuliko lisilo nazo, wanajibu vizuri zaidi kuliko tunapowauliza kutoka kitabuni.

Kigari hicho kina ndugu zake. Kule Goma kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba mamia ya kilo za makala, viazi na kabichi. Watu wa Goma wameiheshimu hata ikajengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Ndugu mwingine yuko mbali zaidi. Katika miaka ya 1950, vijana wa California huko Marekani waliokuwa wakicheza juu ya mawimbi ya bahari walifunga magurudumu chini ya ubao ili wateleze barabarani siku ambazo bahari ilitulia. Ndivyo ilivyozaliwa sketibodi, ubao wa magurudumu manne ambao mtu anausimamia kwa miguu miwili. Ilianza kama mchezo wa mtaani, lakini mwaka 2021 iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo kwa mara ya kwanza. Aliyeshinda medali ya dhahabu ya wasichana katika mashindano ya mtindo wa mtaani alikuwa Momiji Nishiya wa Japani, mwenye umri wa miaka 13. Ni umri wa mabinti zetu wanaomaliza shule ya msingi.

Sasa tutembee. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya Union Minière, na tangu 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Katikati ya mji gudroni ipo, pana na ngumu. Mtoto angeipenda, lakini gudroni hiyo ina wenyewe: malori ya shaba na kobalti, magari ya migodi, na pikipiki za abiria. Kigari cha mbao hakina breki, na dereva wa lori hamwoni mtoto aliyekaa chini hivyo. Hapo mzazi yeyote anasema hapana, na ana haki.

Tuende kwenye site za zamani za kampuni, upande wa Musonoi, Luilu na Kapata. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Gécamines: nyumba, shule, hospitali, mahali pa kukutania na pa michezo. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka, matatizo mengine yakafuata, na kufikia 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilipokatika, vya watoto vilikuwa vya kwanza kusahauliwa. Sakafu za saruji za zamani zikipasuka, nyasi zinaota katikati. Mahali pengine bado utaona watoto wamefagia kipande cha mita nne au tano na wanapita hapo kwa zamu, mmoja mmoja, kama kwenye mlango.

Tufike Kasulo. Mwaka 2014 mkaaji mmoja aliyekuwa akichimba katika parsela yake alikuta kobalti. Baada ya hapo mashimo yalifunguliwa uani, karibu na majiko, hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya kartiye ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Tangu hapo sote tumejifunza kwamba katika mji huu kila kipande cha ardhi kinaweza kuwa na bei ya pili chini yake. Mahali pa wazi hapabaki wazi. Mtu mzima akiona uwanja mtupu anawaza kilicho chini. Mtoto peke yake ndiye anayewaza kilicho juu.

Na kuna vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliofanyika Kasulo. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, na watoto ndio walioonyesha viwango vya juu zaidi. Sababu si ngumu kuelewa: mtoto anacheza chini, anashika udongo, halafu anatia mkono mdomoni kabla ya bukari. Kwa hiyo tunaposema mtoto apewe sakafu ngumu inayoweza kufagiliwa na kumwagiwa maji, hatuzungumzii anasa. Tunazungumzia afya.

Je, watu wasio na pesa nyingi wanaweza kujenga mahali kama hapo? Jirani zetu wamekwisha kujibu. Kampala, Uganda, kwenye kitongoji cha Kitintale katika njia ya kwenda Luzira, vijana wakiongozwa na Jackson Mubiru, Mganda, pamoja na Shael Swart wa Afrika Kusini, walijenga uwanja wa sketibodi mwaka 2006 kwa mikono yao wenyewe. Hutajwa kuwa wa kwanza katika Afrika Mashariki. Mbao zilikuwa chache, wakazitumia kwa zamu. Nairobi, kwenye nyumba ya watoto ya Shangilia huko Kangemi, uwanja ulijengwa mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani. Addis Ababa walipata wao mwaka 2016, vijana wa hapo wakichanganya saruji pamoja na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingine. Mahali pote patatu kuna jambo moja la kutazama: misaada ilikuja, lakini uwanja ulisimama kwa sababu kulikuwa na vijana wa mtaa wenyewe waliotangulia kuutaka, na mahali ambapo mwenye ardhi alikubali.

Hapa kwetu hatuna haja ya kuanza na milima na mabonde ya saruji. Tuanze na sakafu moja. Tumewapa wanafunzi wetu hesabu hii: uwanja wa mita 10 kwa mita 10, wenye unene wa sentimita 10, unahitaji mita za ujazo ngapi? Jibu ni 10. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto tatu, hiyo ni kama mifuko 70 ya kilo 50. Ni pesa, lakini ni pesa zinazohesabika. Kanisa likitoa mifuko 10, wafanyabiashara wa soko 10, na kila familia bakuli moja, hesabu inaanza kusogea.

Mafundi watatuambia mengine, ila machache tuyajue sisi wamama ili tusidanganywe. Kwanza, tuulize wazee kama chini hapana shimo la zamani. Pili, udongo upigwe mpaka ushikamane, la sivyo sakafu itapasuka. Tatu, mchanga usitoke kwenye mabaki ya mgodi. Hatutaki kumwaga chini ya watoto kile kile tunachokikimbia. Nne, sakafu iinamishwe kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yatoke. Tano, kazi ifanyike kiangazi, na sakafu iwekwe unyevu kwa siku saba, ikifunikwa magunia yaliyolowa, kwa sababu upepo wa Juni unakausha saruji kabla haijapata nguvu. Kazi ya kumwagia maji asubuhi na jioni inaweza kuwa ya watoto wenyewe. Aliyemwagilia sakafu siku saba hatakubali mtu aiharibu.

Na mabinti? Tusipoweka saa yao, wavulana watajaza uwanja na wasichana watasimama pembeni wakishika ndugu zao wadogo mgongoni. Huko Kabul, Afghanistan, shirika la Skateistan lilianza mwaka 2007 kufundisha watoto sketibodi pamoja na masomo, na wasichana wengi walijiunga kwa sababu walipewa siku zao na walimu wa kike. Sisi pia tunaweza: siku mbili kwa juma, mama mmoja akiwa kwenye kiti na kitambaa cha kufunga vidonda.

Jambo la mwisho ni karatasi. Vijana wa sketibodi wa Marekani, tangu miaka ya 1980, walizoea kujitengenezea vijarida vyao: picha, michoro, habari za mahali pazuri pa kuteleza, vyote vikinakiliwa kwa mashine na kupitishwa mkono kwa mkono. Hawakungoja gazeti kubwa liwaandike. Mnaoshika jarida hili mnajua tunachosema, maana nalo hupita hivyo hivyo. Karatasi moja ya kawaida ikikunjwa mara tatu na kukatwa katikati inatoa kijitabu cha kurasa nane. Tumejaribu darasani. Mmoja alichora kigari chake na kuandika jina la kila sehemu. Mwingine aliandika orodha ya mahali anapofukuzwa. Tangu shule ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yetu yamejaa, na wengi hawapati nafasi ya kusema hata neno moja kwa siku. Kwenye kurasa nane wanasema.

Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto asitumikishwe kwenye kazi mbaya. Haki hizi mbili zinashikana. Mtoto asiye na mahali pa kwenda saa nane mchana atafuata wenzake, na wenzake wanajua njia ya kwenye mawe.

Kwa hiyo tunawaomba jambo dogo. Jumapili hii, baada ya misa au ibada, kila familia itembee katika kartiye yake pamoja na watoto na itafute mahali pamoja: penye mita 10 kwa 10, mbali na barabara ya malori, pasipo na shimo, penye mwenyewe anayejulikana ambaye tunaweza kwenda kumwona. Pimeni kwa hatua, mtu mzima hatua moja ndefu ni karibu mita moja. Andikeni kwenye kipande cha karatasi na mkilete kwenye mkutano wetu. Waacheni watoto wachore ramani. Wao wamekwisha kuutafuta uwanja huo siku nyingi kuliko sisi.