Daktari Mwenye Pua Nyekundu

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, alikuwako mchekeshaji wa sarakasi aitwaye Michael Christensen. Mwaka 1986 alianzisha kazi mpya: kuwapeleka wachekeshaji hospitalini, wazunguke kitanda kwa kitanda kuwaona watoto wagonjwa. Mwaka 1991 kazi ya namna hiyo ilianzishwa Ufaransa na Brazili pia.

Watu hao huvaa joho jeupe, na pua nyekundu, wakajiita madaktari. Mmoja humwambia mgonjwa kwamba atapandikizwa pua mpya; mwingine, kwamba ataongezwa maziwa ya chokoleti badala ya damu. Daktari huyu husikiliza moyo kwenye goti, na mtoto hupiga kelele, “Siyo hapo!” Basi chombo kilichomtisha kimekuwa kitu cha kuchekesha, na yeye aliyekuwa mgonjwa amekuwa mwalimu.

Lakini jambo linipendezalo zaidi ni hili: kwanza husimama mlangoni, wakabisha hodi. Mtoto akisema, “Sitaki,” huenda zao bila kununa.

Methali yetu yasema, “Mgonjwa haulizwi uji.” Maana yake, asiyeweza asingojwe mpaka aombe, apewe tu. Ni neno la huruma. Walakini utotoni nililazwa hospitali siku nyingi kwa homa, nikaona upande wake wa pili. Sikuulizwa uji, wala dawa, wala sindano, wala saa ya kulala. Wote walioingia walinitendea mema, wala hapana hata mmoja aliyebisha hodi. Mwili wangu ulikuwa kama mali ya watu wengine. Kwa hiyo naelewa kwamba mtoto apewaye ruhusa ya kusema “La” amerudishiwa kitu kikubwa, hata kabla hajacheka.

Msidhani kwamba huo ni mchezo mtupu. Mwaka 2005 wataalamu wa mji wa Florence, katika Italia, walitoa habari za watoto 40 waliokuwa wakingojea kupasuliwa. Watoto 20 walikaa na mzazi pamoja na wachekeshaji. 20 walikaa na mzazi bila wachekeshaji. Wale wa kwanza walikuwa na hofu kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo, wengi wa watumishi wa hospitali hawakutaka kazi hiyo iendelee, kwa kuwa waliona inaingilia taratibu za chumba cha kupasulia. Nao tusiwalaumu, maana kicheko hakifungi jeraha wala hakishushi homa. Hofu ni ugonjwa mwingine, nao hutaka mganga wake.

Basi, wanafunzi, mwendapo kumtazama mgonjwa, uji mpelekeeni bila kumwuliza. Lakini mlangoni bisheni hodi. Akisema “Karibu,” ingieni na maneno ya kumchangamsha. Akinyamaza, acheni uji, mrudi kesho.