Treni Isiyo na Konda

Safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Berlin kuingia mjini humshangaza mtu aliyezoea daladala, kwa maana hakuna anayemdai nauli. Nikipanda treni ya S45 pale uwanjani sipiti lango wala simwoni konda. Naweza kushuka Hermannstraße, nikaingia treni ya U8 hadi Hermannplatz, bila kuulizwa lolote. Wageni wengi husema hapo kuwa Wajerumani wanaaminiana. Mimi naona konda yupo bado. Kazi yake amekabidhiwa abiria, na asiyeijua ndiye anayelipa.

Na kazi yenyewe si ndogo. Nauli zimegawanywa kwa kanda tatu, A, B na C. Uwanja wa ndege uko C, kwa hiyo tiketi ya AB inayokutosha kila siku mjini haikufikishi huko kihalali. Tiketi ya karatasi mara nyingi haina nguvu mpaka uigonge muhuri kwenye kisanduku kidogo kilichosimama jukwaani. Ukishaigonga una saa 2, tena kwa kwenda upande mmoja tu. Hakuna wa kukukumbusha. Kisha katikati ya vituo viwili wanainuka watu, mara nyingi wamevaa nguo za kawaida, wanaonyesha vitambulisho na kuanza ukaguzi. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi: faini euro 60. Lakini mwenye pasi ya mwezi yenye jina lake, akiisahau nyumbani, huipeleka baadaye na kulipa euro 7. Mwenyeji anasamehewa kusahau, mgeni hasamehewi kutojua.

Nitaambiwa kwamba makonda wetu nao huwalangua wageni, na kwamba Nairobi mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda. Ni kweli. Ila ugomvi wa nauli ndani ya matatu ni wa hadharani. Abiria wenzako huingilia, na mambo huisha kabla hujashuka. Berlin hayaishi upesi hivyo. Kusafiri kwa makusudi bila kulipa ni kosa la jinai, chini ya kifungu kilichoingia katika sheria mwaka 1935, na wapo maskini wanaofungwa kwa kukosa pesa za faini ya mahakama.

Wengine watasema suluhisho lipo: tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda bei baadaye. Ni kweli inafuta suala la kanda. Lakini huuzwa kama mkataba unaojirefusha wenyewe, na kwa kawaida hudai akaunti ya benki, kitu ambacho mgeni wa wiki ya kwanza hana. Sidai malango, kuyajenga ni ghali, na mama mwenye kigari cha mtoto hupita kwa raha yasipokuwepo. Ninachodai ni kwamba aliyenunua tiketi akakosea kanda au akasahau kuigonga, kwa mara ya kwanza, atozwe zile zile euro 7.