Pwani ya Ngome Nyekundu

Msafiri afikaye mji wa Frederiksted, upande wa magharibi wa kisiwa cha St. Croix katika Bahari ya Karibi, huiona ngome kabla ya kuona jambo jingine. Rangi yake ni nyekundu, na kingo zake zimepakwa nyeupe. Imesimama karibu sana na maji. Kando yake mchanga waanza, na hapo ndipo nilipokwenda kuoga Jumapili moja, watu walipokwisha toka kanisani.

Bahari ya upande ule ni tulivu mno. Mimi niliizoea ile ya Mombasa wakati wa kusi, basi nilistaajabu kuona mawimbi madogo kama ya ziwani. Wazee walisimama majini hata kifuani wakizungumza kana kwamba wako barazani, na akina mama walipakua chakula chini ya miti. Hapana aliyedaiwa kiingilio wala cheti, kwa kuwa sheria ya visiwa vile yasema pwani ni ya watu wote, hata iliyo mbele ya hoteli kubwa. Walakini mimi ni mtu wa bara. Viatu vyangu niliviweka mahali niwezapo kuviona.

Ngome ilijengwa na Wadenmaki kati ya mwaka 1752 na 1760, ikapewa jina la mfalme wao Frederik. Ililinda bandari ya sukari, na kadhalika ilikuwa gereza. Kwa neno hili yafanana na Fort Jesus yetu, iliyokuwa jela hata mwaka 1958. Leo zote mbili ni nyumba za makumbusho. Sukari yenyewe ilitokana na jasho la watumwa walioletwa kutoka Afrika, na la watoto wao.

Mwaka 1847 mfalme aliamuru kwamba watumwa wawe huru baada ya miaka 12. Wao hawakukubali kungoja. Usiku wa tarehe 2 Julai 1848 makombe makubwa ya baharini yalipulizwa kama baragumu mashambani, na kulipokucha maelfu walikusanyika Frederiksted, wakiongozwa na Moses Gottlieb, aitwaye pia Buddhoe. Gavana Peter von Scholten alikuja, akatangaza kwamba tangu siku ile wote ni huru.

Nilidhani habari imekwisha hapo. Kumbe mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kazi, na kwa kuwa mimi ni karani niliyejaza mikataba mingi, sehemu hii niliisikiliza kwa makini kuliko zote. Mfanyakazi alifungwa shambani mwaka mzima, kuanzia tarehe 1 Oktoba hata tarehe 1 Oktoba nyingine. Aliyetaka kuhama sharti atoe taarifa mwezi wa Agosti, ama sivyo amefungwa tena. Ujira wa siku ulikuwa senti 15 kwa daraja la kwanza, 10 kwa la pili, na 5 kwa la tatu. Hayo yaliendelea karibu miaka thelathini.

Tarehe 1 Oktoba 1878 watu walirudi mbele ya ngome ile ile. Askari walifunga lango; mawe yalirushwa, lakini lango halikuvunjika. Ndipo watu walipougeukia mji, wakauchoma moto, na mashamba mengi baadaye. Mary Thomas, ambaye hata leo huitwa Malkia Mary, alikuwa miongoni mwa viongozi, na alipelekwa kifungoni Copenhagen. Nyumba nyingi nzuri za barabara ya pwani zilijengwa baada ya moto huo. Mwaka 1917 Denmaki iliviuza visiwa vyake kwa Marekani kwa dola milioni 25.

Kabla ya kuondoka nilipanda ukutani penye mizinga. Imeelekezwa baharini, kungoja adui wa merikebu. Lakini mara zote mbili ngome ilipotetemeka, hatari ilitoka nyuma, kwenye njia ya mashambani.

Jua lilikuwa linazama. Wale wazee walikuwa bado majini, na viatu vyangu vilikuwa pale pale.