Gari la Waya na Roboti

Watoto wengi wa vijiji vya Kakamega huunda magari kabla hawajajua kuliandika neno gari. Waya huwa mwili, vipande vya malapa makuukuu huwa magurudumu, na fimbo ndefu huwa usukani. Mpita njia huona mchezo; mwalimu huona fundi. Aliyeupinda waya ule alipima, akakata, akashindwa, akarudia. Huo ndio mwanzo wa elimu ya mitambo.

Kwa sababu hiyo nazipenda kambi za roboti zinazofanywa wakati wa likizo. Neno roboti si la kale. Lilitokea katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek mwaka 1920, kutokana na neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa. Roboti, basi, ni mtumishi. Na mtumishi huyu ana tabia moja: hutenda aliyoambiwa, hatendi uliyokusudia.

Tabia hiyo niliiona ikifundisha. Katika kambi moja niliyoisimamia, wasichana watatu walikuwa wameunda kigari cha kufuata mstari mweusi uliochorwa sakafuni. Kilikuwa na betri, mota mbili, na vihisi viwili vya kutambua mwanga. Kihisi cha kushoto kikikuta weusi, mota ya kushoto ilipaswa kupunguza mwendo ili kigari kirudi njiani. Kigari chao kiliukimbia mstari kila kilipougusa. Hapakuwa na wa kulaumiwa, kwani mtambo hauna uvivu wala inda. Wasichana walizisoma amri zao moja baada ya moja, kisha wakafuata nyaya kwa kidole, mpaka wakagundua kwamba ya kushoto ilifungwa kulia na ya kulia kushoto. Alasiri nzima ilikwisha. Lakini subira waliyojifunza siku ile sijapata kuifundisha kwa chaki.

Hata hivyo, kambi zina kasoro. Vifaa vya dukani ni ghali, na ada huwazuia wengi. Kambi ya wenye fedha peke yao si daraja, ni ukuta. Tusikubali kwamba akili hukaa penye fedha. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002. Alisoma vitabu vya maktaba ya kijijini, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, mabomba ya plastiki na miti, na kinu kikawasha taa nyumbani kwao.

Kwetu pia vifaa vipo. Redio ya kaseti iliyokufa huenda ina mota nzima. Taa ya jua iliyotupwa yaweza kuwa na betri ifaayo. Mjini Kakamega kipo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia, na shule zetu hupeleka kazi zao katika mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi. Kinachohitajika ni chumba kimoja shuleni, mwalimu mmoja mwenye moyo, na alasiri moja kila juma.

Nawe, kijana usomaye, usiishie kushangaa. Kambi hupimwa kwa kazi inayoendelea baada ya hema kukunjwa. Ukiweza kuunda kigari kifuatacho mstari, jiulize ni chombo gani kitakachopima unyevu wa mahindi ya mama yako kabla hayajaota kuvu ghalani. Hapo roboti itakuwa mtumishi kweli, na wewe utakuwa bwana wake.