Barua Tuliyokataa Kuiandika



Juma hili tumeona vema tuwashirikishe jambo lililopita mikononi mwetu. Hatulisimulii kwa sababu linatupa sifa, kwani mtaona wenyewe kwamba halitupi. Tunalisimulia kwa sababu lilituonyesha uso wetu katika kioo. Binti anayehusika ametupa ruhusa, akaomba tu tusimtaje jina lake wala nchi ya mchumba wake.

Sisi tunaoishi Mlowo tuna neema ambayo mara nyingi hatuihesabu. Mtu wa hapa akitaka kuwasalimu wakwe zake upande wa Zambia, hupanda gari asubuhi hadi Tunduma, huonyesha hati yake katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019, na kabla jua halijawa kali yuko Nakonde anaulizwa habari za nyumbani. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia. Ndugu zetu Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka ule, kwa maana wenyewe walikuwapo kabla ya mpaka kuchorwa. Ndiyo maana wengi wetu hudhani kwamba kwenda kuwaona watu wa mwenzako ni suala la nauli, kitenge na kuku wa zawadi.

Binti huyu ni mwanakwaya wetu. Hununua na kuuza mahindi na maharage hapa sokoni, na humsaidia mama yake mjane katika shamba la kahawa. Alichumbiwa na kijana Mkatoliki kutoka Ulaya, aliyekuja mkoani kwetu kwa kazi. Kijana yule alifuata njia zote tunazozijua: alimtuma mshenga, akaketi mbele ya wazee, akala kilichopikwa, akarudi mara ya pili. Kwake kuingia nchini hakukuwa na uzito. Viza ya matembezi ya Tanzania aliiomba kwa mtandao akiwa nyumbani kwao, akalipa dola 50. Ndipo bibi wa binti aliposema neno ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Huyu ametuona sisi. Mjukuu wangu kawaona watu gani?"

Bibi alisema kweli. Ndoa haiunganishi watu wawili waliodondoka kutoka angani. Yafaa binti auone mlango ambao atauita kwake, amsikie mama mkwe anavyozungumza na watoto wake, ajue nani katika nyumba ile hunyamaza na kwa nini. Katika Maandiko, Rebeka alipoposwa kwa ajili ya Isaka, ndugu zake hawakumtia mikononi mwa mjumbe bila kumuuliza, walimwita wakataka kusikia kauli yake mwenyewe (taz. Mwa 24). Basi tulikubaliana aende kwa wiki tatu, na afikie nyumbani kwa dada wa mchumba wake, ambaye ndiye aliyeandika barua ya mwaliko.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen ni 29, na viza moja ya matembezi mafupi humruhusu mtu kukaa humo siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Inatakiwa pasipoti itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi, bima ya safari inayofikia yuro 30,000, mahali pa kulala panapojulikana, fedha za kujikimu, na alama za vidole, ambazo mwombaji huzitoa kwa kufika mwenyewe. Kwa mtu wa Mlowo, kufika mwenyewe maana yake ni safari ya karibu kilometa 900 hadi Dar es Salaam. Lakini lililo kubwa kuliko yote halimo katika orodha ya karatasi: mwombaji anatakiwa amfanye mtu asiyemjua aamini kwamba atarudi nyumbani.

Binti alikuja ofisini kwetu Jumatano moja baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa amekutana na kishoka mjini, mmoja wa wale wanaojua kila kitu kuhusu balozi isipokuwa mlango wake. Alikuwa ameshauriwa mambo mawili. La kwanza, aazime fedha nyingi na kuziweka benki kabla ya kuomba. La pili alilieleza akitazama sakafu: "Baba, naomba uniandikie kwamba mimi ni mwalimu wa chekechea ya parokia na ninalipwa mshahara kila mwezi. Muhuri wa kanisa wanauheshimu."

Wapendwa, hatutawadanganya kwamba jambo lile lilikuwa jepesi kwetu. Muhuri ulikuwa mezani, umbali wa kiganja. Tulimfahamu binti huyu tangu ajiunge na kwaya, tulijua atarudi. Tulijiuliza moyoni: je, uongo mdogo unaoelekea kwenye ukweli mkubwa ni uongo kweli? Hakuna ambaye angesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuhesabu walimu wa chekechea yetu. Lakini tulikumbuka pia kwamba muhuri ule si mali yetu. Ndio unaowekwa kwenye vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na siku utakaposema jambo lisilokuwapo, hata yaliyokuwapo yatatiliwa shaka. Tukamwambia hapana.

Alikunja karatasi yake polepole, akasema, "Basi, Baba. Ukweli wangu ni mdogo, hautanifikisha." Tukamwandikia barua ya mistari mitatu: amebatizwa, ni mwanakwaya, ana mwenendo mwema. Tukagonga muhuri, tukaendelea na shughuli zetu tukijiona tumeshinda kishawishi.

Jibu lilikuja ndani ya siku kumi na tano, nalo lilikuwa la kukataliwa. Utaratibu ni kwamba mwombaji hupewa karatasi yenye orodha ya sababu, na zile zinazomhusu huwekewa alama. Yake ilikuwa na alama mbili: ya fedha za kujikimu, na ya mashaka kama kweli angeondoka kabla ya viza kwisha. Ushauri mmoja wa kishoka alikuwa ameufuata, na fedha iliyoingia benki ghafla, siku chache kabla ya ombi, haikumsaidia. Aliweka karatasi ile mbele yetu. "Wanasema hawaamini nitarudi. Mama yangu nitakuwa nimemwachia nani?"

Tulianza kuwalaumu wale waliomkataa, na maneno yalikuwa mengi. Ndipo katekista wetu alipobisha hodi kutukumbusha kwamba kijana wa kutoka Nakonde alikuwa amekuja tena.

Kijana huyu anataka kumwoa msharika wa kigango chetu kimoja. Alikuwa ameshafika mara mbili. Mara ya kwanza tulimrudisha kwa sababu cheti chake cha ubatizo kilikuwa cha zamani, nasi tunadai kilichotolewa upya ndani ya miezi sita. Mara ya pili alikileta, lakini hakuwa na barua ya paroko wake kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha ndoa. Sasa alikuwa amekuja na barua, nasi tulikuwa tayari kumwambia kwamba haina tarehe. Alikuwa amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi, kofia mkononi. Serikali mbili zilikuwa zimemruhusu avuke mpaka mara tatu. Aliyekuwa hajamruhusu ni sisi.

Tuelewane, ndugu zangu. Kanisa halikosei kuuliza. Sheria ya Kanisa yataka ijulikane kwamba hakuna kinachozuia uhalali wa ndoa kabla haijafungwa (Kanuni ya 1066), na maswali yale yamewaokoa wengi na machozi. Vivyo hivyo dola ina haki ya kuuliza nani anaingia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2241) hufundisha yote mawili: kwamba mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo, na kwamba watawala wanaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote. Swali si dhambi. Dhambi yetu ilikuwa kumwachia mtu mzigo wote wa kujibu, nasi tukikaa nyuma ya meza tukihesabu kilichopungua.

Hapo tulitambua kosa letu kwa binti. Tulikataa kuandika uongo, na katika hilo hatujuti. Lakini tulidhani kukataa uongo ndiyo kazi yote. Hatukufanya lolote ili ukweli wake uonekane. Mtu wa Ulaya hutazama karatasi za benki na kuuona humo mshahara wa kila mwezi. Mali ya mtu wa Mlowo haikai huko: iko kwenye magunia ghalani, kwenye mibuni inayongoja kuchumwa, kwa wateja wanaodaiwa, na kwenye simu ya mkononi inayopokea na kutoa fedha kutwa nzima. Ukweli wa binti yule haukuwa mdogo. Haukuwa umeandikwa.

Kijana wa Nakonde tulimwomba radhi siku ileile, tukampigia simu paroko wake sisi wenyewe, na tarehe ikapatikana kwa dakika nne. Kisha tukaketi na binti.

Kazi ilichukua miezi kadhaa. Alianza kupitisha benki mauzo yake halisi, madogo na makubwa, juma kwa juma. Alitafuta leseni yake ya biashara na namba ya mlipakodi. Mama yake alitoa stakabadhi za malipo ya kahawa kutoka chama cha ushirika. Mtendaji wa kata aliandika kuhusu makazi na familia. Dada wa mchumba aliandika upya mwaliko, akieleza binti atalala chumba gani na nani atagharimia nini. Nasi tuliandika barua ya kurasa mbili, na kila neno lake lingeweza kusomwa hadharani siku ya Dominika: tangu lini tunamfahamu, ana nafasi gani katika jumuiya ndogondogo, mama yake anamtegemea kwa lipi, na kwamba tangazo la ndoa yake lingeanza katika kanisa letu baada ya yeye kurudi. Binti aliongeza barua yake mwenyewe, akitaja bila kuficha kwamba aliwahi kukataliwa. Sheria humpa aliyekataliwa haki ya kukata rufaa na pia ya kuomba upya. Yeye alichagua kuomba upya. Alilipa ada ya pili, akapanda basi la Dar es Salaam kwa mara nyingine.

Safari hii alipewa. Hatusemi kwamba ukweli hulipwa hivyo kila mara. Tunawajua waliosema kweli tupu wakakataliwa, na hatuna dawa ya machozi yao zaidi ya kuketi nao.

Alienda, na alirudi siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Dominika iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake la kwaya, nasi baada ya Misa tulimwita tukiwa tayari na daftari la matangazo ya ndoa. Akatwambia, "Baba, naomba tusitangaze kwanza."

Hakuwa amegombana na mtu. Wakwe walimpokea kama mtoto wao. Lakini alikuwa ameona kwamba mama mkwe ni mgonjwa na anamtegemea mwanaye, kama vile mama yake hapa Mlowo anavyomtegemea yeye. Wachumba wale walikuwa wamezungumza mengi, ila swali la nani atamwacha mama yake hawakuwa wamelizungumza. "Kwa simu," alisema, "tulikuwa tunapendana tu." Wanalizungumza sasa. Mchumba anatarajiwa kurudi baada ya mavuno ya kahawa, na faili lao liko mezani petu, halijafungwa.

Wazazi wengine wamesikitika kwamba gharama zote zile zimeleta kuahirisha ndoa. Sisi tunaona safari imefanya kazi yake. Aliyewahi kutiliwa shaka kwamba hatarudi alirudi, na alirudi na swali ambalo sisi, pamoja na fomu zetu zote za maandalizi ya ndoa, hatukuwahi kumuuliza. Tumeliongeza katika mazungumzo yetu na wachumba wote, hata wale wanaooana hapahapa Mlowo.

Kwa nyinyi wazazi wenye vijana waliochumbiwa na watu wa mbali, tunawasihi msiwapeleke kwa vishoka. Njooni mapema, tukae pamoja, tuandike yaliyopo. Na kwa yeyote tuliyemrudisha mlangoni kwa sababu ya karatasi moja, tunaomba arudi. Safari hii tutaitafuta pamoja naye.

Tuwaombee wachumba hawa na mama zao wawili. Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu awabariki.

Paroko wenu, Mlowo