Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Leseni ya Rubani

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakishatangazwa, hutujia vijana wawili au watatu wakiwa na furaha ya diploma, na miongoni mwao hakosi mmoja anayesema kwamba anataka kuwa rubani. Hatumcheki. Huku kwetu mashariki ya Kongo ndege si anasa ya matajiri peke yao. Nchi yetu ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 2,345,000, na wa Kindu au wa Bunia anayetaka kufika Kinshasa hana barabara ya kutegemea masika na kiangazi. Dawa, fedha za mishahara, karatasi za mitihani, mgonjwa anayehitaji kupasuliwa, hata Askofu anayekwenda mkutanoni, wote hungoja ndege. Mtoto aliyekulia jirani na kiwanja ameona tangu utotoni kwamba chombo kile kikitua, bei za sokoni hubadilika. Ni haki yake kutamani kuwa mmoja wa wanaokiendesha.

Tatizo ni kwamba vijana hao hutuuliza jambo moja tu: shule iko wapi, na ada ni kiasi gani. Sisi hupenda kuwatangulizia swali jingine. Je, wewe ni mtu awezaye kuandika namba ya kweli kwenye karatasi, wakati watu wote wakubwa waliosimama kando yako wanataka uandike namba nyingine?

Tumesafiri mara kadhaa kwa ndege ndogo za injini moja zinazohudumia miji yetu ya ndani, zile za aina ya Cessna Caravan. Wanaozifahamu wanajua desturi yake: msafiri hupandishwa kwenye mizani yeye mwenyewe, kisha mfuko wake, mbele ya watu wote. Akina mama huona haya, watu hucheka. Hata hivyo hesabu ile si mchezo. Ndege ya aina hiyo, hata ile ya umbo refu, hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi takribani kilo 4,000, chombo chenyewe kikihesabiwa pamoja na mafuta, watu na mizigo. Wala haitoshi jumla iwe sawa. Mzigo ukirundikwa wote nyuma, ndege huinua pua kupita kiasi na rubani hawezi tena kuitawala. Siku moja tulimwona kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa akikataa magunia mawili ya samaki wakavu ya mfanyabiashara mmoja mashuhuri. Yule bwana alitaja majina ya wakubwa, akatoa noti, akapaza sauti. Kijana alimwonyesha karatasi yake, akasema kwa upole, «Baba, kilo zimekwisha.» Magunia yakabaki. Hakuwa rubani, wala hatukupata kujua jina lake, lakini sote tuliopanda siku ile tulikuwa mikononi mwake kabla ya kuwa mikononi mwa rubani.

Tunalirefusha jambo hili kwa sababu nchi yetu imelilipia. Tarehe 8 Januari 1996, mjini Kinshasa, ndege ya mizigo ya aina ya Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ilikimbia kwenye njia ya kurukia ya kiwanja cha N'Dolo, ikashindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, karibu wote wakiwa watu waliokuwa sokoni, wasiokuwa na tiketi wala safari. Wa Goma nao wanakumbuka tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya abiria ya aina ya DC-9 iliposhindwa kupaa na kuingia katika mtaa wa Birere. Njia ya kurukia ya kiwanja kile ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu Januari 2002. Tena, tangu mwaka 2006 mashirika ya ndege ya nchi yetu yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya yale yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake. Wengine hukasirika wakisema ni dharau. Sisi tunaona kwamba orodha ya namna hiyo haifutwi kwa hotuba. Hufutwa na wakaguzi wasiohongeka, na mafundi wanaoandika walichokifanya kweli, na vijana kama yule wa samaki.

Sasa tuje kwa rubani mwenyewe. Masharti ya leseni zake hayakutungwa na shule yoyote. Yametokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio ulioanzisha shirika la kimataifa la usafiri wa anga wa kiraia, lenye makao yake Montreal. Kwa kanuni za shirika hilo, leseni ya rubani binafsi hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 17 na saa zisizopungua 40 za kuruka. Leseni ya biashara, yaani ile inayomruhusu kulipwa, huanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma mafunzo kamili katika shule iliyoidhinishwa. Leseni kubwa kabisa, ya kuongoza ndege za mashirika, huhitaji miaka 21 na saa 1,500. Kila saa ya mafunzo hulipiwa mafuta, ndege na mwalimu. Ndiyo maana gharama yote hufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani.

Hapa ndipo wazazi wengi hukatiwa hesabu nusu. Wanadhani leseni ya saa 200 ni kazi. Siyo. Mashirika mengi hutaka rubani aliyekwisha ruka saa nyingi zaidi, tena mwenye mafunzo ya pekee ya aina ya ndege wanayoitumia, na mafunzo hayo nayo hulipiwa. Wapo walioleta leseni nyumbani wakakaa miaka bila kushika usukani, huku familia ikiendelea kulipa deni. Kwa hiyo, kijana, ukiketi na baba na wajomba kupanga fedha, usipange mpaka siku ya leseni tu. Panga mpaka siku ya mshahara wa kwanza.

Kuhusu masomo, Hisabati na Fizikia ndiyo yanayokusaidia zaidi, na sababu yake si heshima ya jina. Kiwanja cha Lubumbashi kiko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi. Kadiri mahali palivyo juu, na kadiri jua linavyowaka, hewa huwa nyepesi zaidi. Mabawa hupata pungufu cha kuegemea, na injini nayo hupungukiwa nguvu. Ndege ileile yenye mzigo uleule, iliyopaa bila shida asubuhi, huhitaji njia ndefu zaidi saa saba mchana. Mwanafunzi aliyekariri fomula bila kuielewa hawezi kujua kwa nini anatakiwa kuacha magunia matano chini.

Na Kiingereza. Sisi wa Kongo hujitetea kwamba Kifaransa kinatosha, na ni kweli kwamba kwetu rubani na mnara wa kuongozea ndege huweza kuzungumza Kifaransa. Lakini ukivuka mpaka, Kiingereza ndicho lugha ya redio. Ujuzi wa lugha hupimwa kwa ngazi sita, na anayeruka safari za kimataifa hatakiwi kuwa chini ya ngazi ya nne. Aliye kwenye ngazi hiyo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Shule zilizo karibu nasi, kama ile ya Soroti nchini Uganda, zile za kiwanja cha Wilson mjini Nairobi, au chuo cha shirika la ndege la Ethiopia kule Addis Ababa, zote hufundisha kwa Kiingereza. Kiswahili chako kitakusaidia kununua chakula Nairobi, darasani hakitakuvusha.

Tumesema mengi kuhusu rubani, na hayo ndiyo mliyoyataka. Turuhusuni sasa tuwasifie fundi. Mwaka 1925 Edmond Thieffry alifika Léopoldville akitokea Brussels kwa ndege, safari ya kwanza ya namna hiyo, iliyochukua siku 51. Jina lake limebaki katika vitabu. Lakini ndani ya ndege walikuwa watu watatu, na mmoja wao, Jef De Bruycker, alikuwa fundi. Bila fundi hakuna siku ya pili ya safari, achilia mbali ya 51. Hata leo ndege haiondoki mpaka mtu mwenye leseni ya ufundi ametia sahihi kwamba kazi iliyofanywa imefanywa ipasavyo, na sahihi hiyo humfuata maisha yake yote. Leseni ya fundi huanzia miaka 18, kwa aliyefanya kazi miaka minne, au miwili kwa aliyesoma katika shule iliyoidhinishwa. Kijana wa shule zetu za ufundi, wa umekanika au wa umeme, amekwisha piga hatua ya kwanza bila kujua. Na wasichana wasidhani kwamba tunawaambia kaka zao peke yao: nati ya injini hukazwa kwa kipimo maalumu kinachosomwa kwenye kifaa, haikazwi kwa ukubwa wa misuli, na katika miaka yetu ya kufundisha daftari safi kuliko yote mara nyingi lilikuwa la msichana.

Wapo pia waongoza ndege wa mnarani, ambao kwetu huajiriwa na shirika la Serikali la njia za anga, RVA. Leseni yao huanzia miaka 21. Wapo wahudumu wa ndani ya ndege, ambao abiria huwadhania kuwa wagawaji wa vinywaji, kumbe ndege kubwa hazipewi kibali mpaka ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa nusu ya milango. Wa kuwatoa ni hao wahudumu. Wapo wazimamoto na wapakiaji. Na wapo watu wa hali ya hewa, kazi ambayo vijana hawaikumbuki kamwe, ingawa milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi kwa wingi zaidi duniani. Masomo ya hali ya hewa hupatikana hapa nchini, katika ISTA ya Kinshasa, bila kuuza kitu cha ukoo.

Limebaki jambo linalotuumiza. Tunaijua familia iliyouza viwanja viwili kumlipia binti yao «chuo cha anga» kilichokuwa katika nyumba ya kupanga, chenye picha za ndege ukutani. Baada ya miezi tisa alipewa cheti chenye mihuri mitatu. Hakuna shirika lililokikubali. Jueni basi: shule haitoi leseni. Shule hufundisha; leseni hutolewa na mamlaka ya Serikali ya usafiri wa anga, ambayo kwetu huitwa AAC, au na mamlaka ya nchi nyingine mliyosomea. Kabla ya kulipa hata faranga moja, mwulize mkuu wa shule namba ya idhini yake na nani aliyeitoa, kisha nendeni kwa huyo aliyeitoa mkahakikishe wenyewe. Mwulize ana ndege ngapi, zimesimama kiwanja gani, na katika ada hiyo mna saa ngapi za kuruka. Shule halali haikasirikii maswali hayo. Na anayewaahidi kazi ya ndege kwa malipo ya «gharama za faili», tena kwa simu, mwacheni na simu yake.

Tena msianze na ada. Anzeni na mwili. Rubani wa biashara lazima apate cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeteuliwa kwa kazi hiyo na kurudiwa kila mwaka, hata mara mbili kwa mwaka baada ya umri fulani. Miwani haimzuii mtu, ikiwa akiivaa anaona vizuri. Kutotofautisha rangi kwaweza kumzuia, na wengi wenye hali hiyo hawaijui mpaka wapimwe. Cheti chenyewe ni ghali, lakini kipimo cha rangi, kile cha kusoma namba katikati ya vidoa, daktari wa macho wa hospitali ya kawaida hukifanya kwa dakika chache.

Mwezi wa Agosti mwaka jana tulimtuma huko kijana mmoja wa parokia, hodari wa fizikia, ambaye baba yake alikuwa amekwisha pata mnunuzi wa shamba. Alirudi baada ya wiki moja: nyekundu na kijani hazitengani vizuri machoni pake. Alikaa kimya kwenye benchi letu muda mrefu, nasi hatukumharakisha. Siku hizi anasomea hali ya hewa, na barua zake kwetu zimejaa mawingu. Shamba lingali la baba yake, na msimu huu lina mihogo.